Ndevu za Tangi la Saba

Kopo la fagio lilifika Uvinza Jumatatu saa tatu asubuhi, limefungwa ndani ya sanduku la barafu, na aliyelileta alikuwa Leokadia Bukuru, mdogo wake Zabeli, tumbo moja. Zabeli alikuwa ndani ya tangi la saba, maji yakimfika kifuani, anakwangua kioo kwa kipande cha plastiki. Alimwona mdogo wake kupitia kioo, akaliona na sanduku, akaendelea kukwangua.

Leokadia aliamkia. Zabeli akaitikia marahaba bila kutoka majini, akauliza habari za watoto na za Dodoma, akajibiwa kwamba wote wazima. Hawakuwa wameonana kwa mwaka mzima, na Zabeli alijua mdogo wake amekujia nini.

Jengo hilo watu wa Uvinza waliliita Nyumba ya Vioo. Lilijengwa mwaka ule mto Malagarasi ulipokatika, wakati watu walipotembea katikati ya mto kwa miguu mikavu wakiokota samaki kwa mabeseni. Kilichowahi kuokolewa kiliingizwa humo, katika matangi kumi na mawili, kila tangi refu kama chumba cha darasa: mayungiyungi, majani ya utepe, konokono, kamba wadogo wa mtoni, na samaki ambao sasa hawakupatikana mahali pengine popote. Zabeli aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa na hamsini na mbili, na majani yote yaliyokuwa humo yalitokana na miche aliyoipanda kwa mikono yake. Mto wenyewe ulikuwa umerudi. Ulikuwa umetiririka misimu mitatu mfululizo bila kukatika, na Mamlaka ya Viumbe Adimu ilikuwa imeanza kusema, kwa kujihadhari, kwamba huenda siku moja baadhi ya samaki wakarudishwa kwao.

Tangi la saba lilikuwa la perege wa matete. Walikuwa arobaini na mmoja, na hao ndio waliobaki duniani. Ni samaki mdogo, hajazi kiganja, ana mstari wa kijani ubavuni unaowaka anapogeuka. Jike lake hutaga mayai mgongoni mwa jani pana, na jani lazima liwe safi. Kwa miezi kumi na minne jani safi halikuwepo. Tangi lilikuwa limeota ndevu.

Ndivyo walivyouita mwani ule. Ulikuwa mweusi, wa nyuzi fupi ngumu, na ulishika kingo za majani, mawe, magogo na midomo ya mabomba kama kidevu cha mtu asiyenyoa. Konokono waliupita. Samaki waliuonja wakautema. Ukiukwangua leo, baada ya wiki umerudi mahali palepale, na vipande ulivyovikwangua vimeshika mahali pengine.

Zabeli alipotoka majini na kujifuta, Leokadia alimpa karatasi. Ilikuwa amri ya Mamlaka. Fagio liwekwe tangi la saba kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi.

Fagio lilikuwa kazi ya Leokadia na wenzake wanne. Lilikuwa vijidudu vilivyotengenezwa maabara, vidogo kiasi kwamba kopo moja la ukubwa wa kikombe lilibeba mabilioni. Viliutambua mwani, vikauingia, vikaula kutoka ndani huku vikizaana. Mwani ukiisha vilijikunja na kulala, kwenye tope, kwenye changarawe, ndani ya matumbo ya samaki, vikingojea mwani mwingine uote. Havikufa. Kwa sababu hiyo dozi moja ilitosha milele, na kwa sababu hiyo Leokadia alipewa medali. Matangi mengine kumi na moja ya Nyumba ya Vioo yalikuwa yameshawekwa fagio, na vioo vyake viling'aa kama vimewekwa jana.

"Yale kumi na moja niliyakubali mwenyewe," Zabeli alisema. "Wakati huo mto ulikuwa vumbi. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mahali pa kuwarudisha. Tukiweka fagio humu, hawa hawatatoka tena, Leo. Wakiingia mtoni wataingia nalo."

"Najua."

"Na mtoni kila kinachokula kinaanza na mwani."

"Najua, dada. Onyo hilo nililiandika mimi." Leokadia aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amesafiri usiku kucha na miguu ilikuwa imemvimba. "Lakini samaki aliyekufa naye hatoki. Jike lako kubwa lina miaka sita. Hawajazaa mwaka na zaidi. Mwakani hutakuwa na wa kumpeleka mtoni wala wa kumweka kwenye kioo. Mimi sitaki kuja hapa kuhesabu mifupa."

Zabeli alijua kwamba yote aliyoambiwa ni kweli. Aliomba wiki sita. Leokadia akasema hana mamlaka ya kutoa hata siku sita. Kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwake: fomu ya fagio, aliyoiandika mwenyewe, ilitaka saini ya mtaalamu wa kuthibitisha kwamba tiba nyingine imeshindikana. Mtaalamu huyo alikuwa yeye, na kwa alivyoliona tangi angesaini hata sasa hivi.

Siku ya pili Zabeli hakugusa maji. Aliweka kigoda mbele ya tangi la saba, akachukua daftari na saa, akakaa tangu taa zilipowaka.

Kuna jambo lililomsumbua kwa muda mrefu. Mwani na majani hugombania chakula kilekile. Majani yakishiba na kukua, mwani hukosa nafasi. Na majani ya majini hayashibi bila hewa ukaa, ndiyo maana kila tangi lilikuwa na mtungi wake na mrija mwembamba ulioingiza hewa hiyo majini, kiputo kimoja kimoja. Aliwahi kumwandikia Mratibu mara nne kuuliza kama tangi la saba linapata hewa ya kutosha. Mratibu ndiye mtambo uliokuwa Dodoma ukiendesha nyumba zote za Mamlaka: taa, pampu, joto, hewa. Mara zote nne alijibiwa kwa adabu kwamba wastani wa siku ni sahihi.

Kwa hiyo siku hiyo hakuuliza wastani. Alihesabu viputo kila baada ya dakika kumi na kuandika.

Saa tano na dakika arobaini viputo vilikatika. Taa nazo zilififia kidogo, kwa kiasi ambacho mtu aliyekuwa anatembea asingegundua. Dakika thelathini na tano baadaye viputo vilirudi, lakini sasa vilikuja mbiombio, mara mbili ya kawaida, kama mtu anayelipiza. Jambo hilo lilitokea tena saa nane, na tena saa kumi. Jioni alipojumlisha na kugawanya, wastani ulikuwa sahihi kabisa.

Alikumbuka barua iliyokuja miezi kumi na mitano nyuma, ikieleza kwamba Mratibu amepewa kazi ya kubana umeme katika saa ambazo mji unautumia zaidi. Mwezi mmoja baada ya barua hiyo aliona ndevu za kwanza kwenye mdomo wa bomba.

Alimkuta Leokadia jikoni anakunywa chai. Leokadia alilisoma daftari mara mbili, akaomba kalamu, akachora mstari wa viputo pembeni mwa ukurasa. Uliruka kama mapigo ya mgonjwa. Akakubali kwamba dada yake yuko sahihi: jani linaloshibishwa na kunyimwa mara tatu kwa siku huchoka, na ndevu hupenda jani lililochoka. Akampigia simu Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Mapunda, akamweleza yote. Mapunda alisikiliza, akashukuru, kisha akasema mabadiliko yoyote ya Mratibu hupitia kamati inayokaa baada ya miezi mitatu. Amri ya Ijumaa haibadiliki.

"Na hata akibadilisha leo," Leokadia alimwambia dada yake baada ya kukata simu, "hewa ikitulia inazuia ndevu mpya. Hizi zilizopo hazifi kwa hewa."

"Hizi nitaziua mimi."

"Kwa siku tatu?"

Zabeli aliosha kikombe chake, akakifunika kwenye kichanja, akatoka. Leokadia alidhani anakwenda kulala. Muda mfupi baadaye akasikia komeo la mlango wa chuma wa ukumbi wa matangi likiingia mahali pake.

Ndani, Zabeli alifungua sanduku la mitambo lililokuwa ukutani, akachomoa nyaya tatu za tangi la saba, moja baada ya nyingine. Sauti ya Mratibu ilisema kwa upole kwamba imepoteza mawasiliano na tangi la saba, na ikaomba mhudumu aliye karibu asaidie. Mhudumu aliyekuwa karibu alichukua spana, akafungua bomba la kuingizia dawa kutoka nje ya ukumbi, akaliweka chini, na tundu lake akaliziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli na waya.

Alikuwa ametumikia miaka ishirini na sita bila kupewa barua ya onyo hata moja. Alijua kwamba sasa zitakuja zote kwa pamoja.

Jumatano alianza kazi. Alifungua mtungi wa hewa kwa mkono, akasikiliza mpaka viputo vikawa na mwendo mmoja, akakaza hapohapo. Taa aliziacha ziwake kwa muda wa saa sita tu badala ya kumi, ili mwani ukose mwanga. Alivuta tope lililolala chini ya changarawe, tope jeusi la majani yaliyooza na mavi ya samaki, akamwaga nusu ya maji na kuingiza mapya. Kisha akachukua mkasi. Majani yaliyokuwa yameliwa na ndevu mpaka katikati aliyakata. Lakini hakuweza kuyakata yote, kwa sababu majani yale ndiyo vitanda vya mayai, na jani pana huchukua miezi mitatu kufikia upana wake.

Yaliyobaki yalihitaji dawa. Stoo kulikuwa na madumu mawili ya haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya zahanati inayotoa povu kwenye kidonda. Ikigusa ndevu huziunguza, na ikishamaliza kazi hugeuka kuwa maji na oksijeni, haiachi kitu nyuma. Ubaya wake ni kwamba haichagui. Ikizidi huunguza na mashavu ya samaki. Zabeli alipiga hesabu ya kiasi ambacho tangi lingevumilia kwa siku, akaandika namba kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito ili asijidanganye. Akazima pampu maji yakatulia. Akavuta dawa kwa bomba la sindano, akaingiza mkono mpaka begani, akaisukuma polepole juu ya jani moja, kisha jingine. Viputo vidogo vilipanda kutoka kwenye ndevu kama soda. Baada ya dakika kumi aliwasha pampu. Samaki hawakuonyesha kujali.

Mchana, Ntahondi, askari mlinzi wa jengo, alimpitishia ugali na dagaa dirishani. Alimwambia kwamba Mkurugenzi amepiga simu kituo cha polisi, na kwamba polisi wamejibu kuwa hawajaona sheria ya mwanamke kujifungia na samaki, ila wanaendelea kutafuta. Alisema mwenyewe ameagizwa avunje mlango, lakini mgongo unamuuma. Zabeli akamshukuru. Ntahondi akasema asimshukuru, mgongo unamuuma kweli.

Hadi taa zinazimika alikuwa amemaliza theluthi moja ya tangi. Kwa mwendo huo alihitaji siku mbili zaidi, na mpaka Ijumaa saa nne alikuwa na siku moja.

Hapo ndipo alipokosea. Alhamisi asubuhi aliitazama namba kwenye kioo, akajiambia kwamba aliiweka chini kwa woga, kwamba samaki wa jana hawakuyumba hata kidogo. Akatumia mara mbili ya kiasi hicho. Alifanya kazi haraka, sindano baada ya sindano, na kwa sababu ya haraka hakuinua macho. Alipoyainua perege walikuwa juu wote, midomo nje ya maji, mapezi yamebana ubavuni.

Aliwasha kila pampu iliyokuwepo. Akafungua bomba la kutolea maji mpaka mwisho, akafungua na la kuingizia, akavuta mpira wa maji wa tangi la nane akauelekeza huku. Ilimchukua karibu saa nzima. Wengi walishuka chini mmoja mmoja, wakaanza kupumua kwa utaratibu. Tisa hawakushuka. Aliwatoa kwa mikono, akawalaza kwenye sinia, akawahesabu ijapokuwa alikuwa ameshajua idadi. Jike kubwa lilikuwa miongoni mwao. Mstari wake wa kijani ulikuwa umeshafifia na kuwa wa kijivu.

Leokadia alikuwa amesimama nyuma ya kidirisha cha mlango wa chuma. Zabeli hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Wangapi?"

"Tisa."

Leokadia aliweka paji la uso kwenye kioo. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Dada, fungua. Nikiweka fagio sasa hivi, hawa thelathini na wawili mwaka kesho watakuwa hai, na watazaa. Hilo naweza kukuahidi. Wewe unaweza kuniahidi nini?"

Zabeli alitazama sinia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa dawa, ngozi imekunjamana na inachoma. Alitafuta ahadi yoyote ya kumpa mdogo wake, hata ndogo, akaikosa.

"Siwezi kukuahidi kitu," alisema.

"Basi fungua."

Mkono wake ulifika kwenye komeo. Baadaye hakulificha hilo, alimwambia kila aliyemuuliza kwamba ulifika na kulishika. Kwa muda alisimama hivyo, yeye upande huu, mdogo wake upande ule.

"Wewe unaniahidi kwamba wataishi," alisema hatimaye. "Huniahidi kwamba watakuwa samaki. Samaki asiyeweza kuingia mtoni ni picha inayokula. Hawa tisa nimewaua mimi, kwa haraka yangu, na nitalisema mbele ya yeyote atakayeniuliza. Lakini sitawafungia wajukuu wao wote ndani ya kioo ili mimi leo nisilie."

"Hicho ni kiburi, dada."

"Labda ni kiburi. Mlango sifungui."

Leokadia aliondoka. Zabeli alisikia viatu vyake mpaka mwisho wa korido. Kisha akalia, amesimama, uso kwenye mkono wa koti la kazi, na alipomaliza akanawa uso kwa maji ya bomba na kurudi kuitazama namba aliyoiandika kwenye kioo.

Kilichomtoa hapo hakikuwa ujasiri, kilikuwa uchovu. Maji yalikuwa bado yamepungua, hajamaliza kuyarudisha, na majani marefu ya nyuma yalikuwa yamelala nje, yamebwagika juu ya magogo kama nguo zilizoanikwa. Samaki wote walikuwa wamekusanyika mbele, kwenye kina. Aliyatazama majani yale yaliyo nje ya maji kwa muda kabla hajaelewa anatazama nini. Dawa isipoingia majini haimgusi samaki.

Alishusha maji zaidi, mpaka robo tatu ya magogo na majani ikawa hewani na perege wamebaki kwenye dimbwi la mbele. Akajaza dawa kwenye chupa ya kupulizia, ile ya kufutia vioo. Akapuliza jani kwa jani, juu na chini, gogo kwa gogo, akawa anangoja dakika tano kila mahali, huku kwa mkono mwingine akiyanyunyizia maji majani yaliyokuwa yanaanza kunyauka. Ndevu zilitoa povu mpaka zikawa nyeupe. Kisha akasuuza kwa maji safi, akayavuta machafu, akajaza tangi taratibu. Kazi ambayo kwa sindano ingechukua siku mbili ilimalizika kabla ya taa kuzimwa. Hakufa samaki hata mmoja.

Ijumaa saa tatu na nusu Bwana Mapunda alifika mwenyewe, na polisi wawili, na fundi mwenye mashine ya kukatia chuma. Fundi hakupata kazi. Zabeli alikuwa ameshafungua mlango na kukaa kwenye kigoda.

Waliingia, Leokadia nyuma yao na sanduku lake, wakasimama mbele ya tangi la saba. Ndevu hazikuwa nyeusi tena. Zile za Alhamisi zilikuwa zimegeuka nyekundu, nyekundu ya zambarau inayoanza kuiva, na zile za Jumatano zilikuwa za waridi na nyingine zimeanza kuwa nyeupe. Perege watatu walikuwa wanazing'oa kutoka kwenye ukingo wa jani, wanazitafuna.

"Mwani huu ukifa hubadilika rangi," Leokadia alimweleza Mkurugenzi. "Na hulainika. Ndiyo maana sasa wanaula."

"Umekufa wote?"

Leokadia hakujibu kwa kukisia. Alipanda ngazi, akachukua vipande kutoka sehemu sita za tangi, akaviweka chini ya hadubini kimoja kimoja, huku wanaume wakisubiri. Vinne vilikuwa vimekufa. Kimoja kilikuwa kinakufa. Cha sita, alichokitoa nyuma ya gogo la kona ambako chupa haikufika, kilikuwa hai.

Mapunda hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kwa utulivu, akasema kipande kimoja kilicho hai kinatosha kuotesha tangi zima, kwamba samaki tisa wamekufa katika siku tatu za ukaidi, na kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele ya taifa siku wa mwisho akifa. Akatoa fomu kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza karibu na hadubini, na kalamu juu yake. Kopo la fagio lilikuwa hapo pembeni, limetoka kwenye barafu, linatoa jasho.

Leokadia aliisoma fomu kama vile hakuwa ameiandika yeye. "Hapa panasema tiba nyingine imeshindikana," alisema.

"Weka saini, Daktari."

"Haijashindikana. Nimepima sasa hivi mbele yako. Siwezi kusaini uongo kuhusu kazi yangu mwenyewe."

"Wakifa, jina lako litaandikwa."

"Liandike," Leokadia alisema, akalirudisha kopo kwenye sanduku la barafu na kulifunga.

Hakumtazama dada yake. Zabeli naye hakumshukuru, kwa sababu aliona mikono ya mdogo wake inavyohangaika na kufuli la sanduku, akajua kwamba shukrani yoyote ingemwangusha. Aliinuka, akachukua chupa yake ya kupulizia, na mbele ya Mkurugenzi na polisi wake akaanza kushusha maji ya tangi ili aifikie ile kona.

Wiki tatu baadaye Mamlaka ilimwita Zabeli Kigoma mjini, mbele ya kamati ya nidhamu. Wakati huo ndevu zilikuwa zimebaki kama vumbi kwenye mawe machache, na mayungiyungi yalikuwa yametoa majani mapya kumi na manne, laini, hayana doa. Perege walikuwa thelathini na wawili. Leokadia alikuwa amepewa barua ya onyo na alikuwa bado Uvinza, amejitwika kazi ya kuonyesha kwa namba, nyumba moja baada ya nyingine, mahali ambapo Mratibu alikuwa anakata hewa.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Walimuuliza Zabeli kama ni kweli alichomoa nyaya za serikali, akasema ndiyo. Walimuuliza kama samaki tisa walikufa kwa mkono wake, akasema ndiyo, akawaeleza alikosea wapi, kiasi gani, na saa ngapi, mpaka mmoja wao akaacha kuandika na kumtazama tu. Mwanamke mmoja mwenye miwani akauliza kama samaki wameshataga.

"Bado," Zabeli alisema.

"Na wasipotaga?"

"Nitakuwa nimekosea, na nyinyi mtakuwa mmepata haki ya kuniambia hivyo. Lakini leo wanaweza kwenda mtoni. Wale wa matangi kumi na moja hawawezi, na fagio lao nililikubali mimi."

Mwenyekiti alimsogezea karatasi. Ilikuwa imeshaandikwa. Ilisema kwamba Zabeli Bukuru anajutia kitendo chake cha kukaidi amri halali, na kwamba kwa sababu ya majuto hayo kamati inampa onyo na kumrudisha kazini. Bwana Mapunda, aliyekuwa amekaa kando, alimwambia kwa sauti ya kirafiki kwamba ni sentensi moja tu.

Zabeli aliomba kalamu. Alikata neno anajutia kwa mstari mmoja ulionyooka, kama alivyofundishwa shuleni kukata kosa, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka kwamba anajutia samaki tisa, kila mmoja, na hajutii kingine. Akasaini. Mwenyekiti alisoma, akawapitishia wenzake, na baada ya robo saa akamwambia kwamba amefukuzwa kazi kuanzia siku hiyo.

Alitoa funguo mfukoni akaziweka mezani. Aliwaeleza kwamba ule wa shaba unataka kuvutwa kidogo kabla ya kuzungushwa. Kisha akauliza nani atabadilisha maji kesho, kwa kuwa ndiyo siku ya kuyabadilisha. Walitazamana, kisha mwenyekiti akafunga jalada.

Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa langoni mwa Nyumba ya Vioo, amevaa suruali yake ya kazi. Ntahondi alikuwa na nakala ya barua. Alimsomea kwa sauti, pole pole, kwamba mtajwa haruhusiwi kuingia katika jengo kama mtumishi. Akaisoma mara ya pili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akasema barua ni ya watumishi. Wageni wana utaratibu wao.

Akamsogezea daftari la wageni. Zabeli aliandika jina lake, tarehe, na mahali anapotoka. Kwenye safu ya sababu ya ziara aliandika: kubadilisha maji. Safu ya saa ya kuondoka akaiacha wazi, akamrudishia Ntahondi kalamu yake, akaingia.